Mkono Unaojirudisha: Mwongozo wa Kuchagua na Kutunza Gramafoni ya Otomatiki

Ukikaa na wapenda santuri hutakosa kusikia kwamba gramafoni ya otomatiki ni ya wavivu, na kwamba anayejua muziki huweka sindano kwa mkono wake mwenyewe. Usiyumbishwe na maneno hayo. Gramafoni ya otomatiki iliyo nzima hutoa sauti inayolingana na ile ya mkono ya bei yake, na ndani ya nyumba yenye watoto na wageni huilinda sindano kuliko binadamu anavyoweza. Unabonyeza kitufe, mkono unanyanyuka, unasogea hadi ukingoni mwa santuri, unashuka taratibu. Upande ukiisha, mkono unarudi kwenye kikalio chake na mota inazima. Ukipitiwa na usingizi katikati ya wimbo, hutaamka alfajiri ukute sindano imezunguka usiku kucha mahali pamoja.

Hilo la mwisho si jambo dogo. Ncha ya sindano ni almasi, lakini almasi nayo huliwa. Kila saa inayopita ndani ya mfereji usio na muziki ni saa iliyopotea katika umri wa sindano, na sindano iliyolika hukwangua santuri. Isitoshe, michubuko mingi ninayoiona kwenye santuri za mitumba iko palepale: ukingoni, mahali ambapo mtu aliishusha sindano kwa kidole kinachotetemeka, na karibu na lebo, mahali alipoinyakua kwa haraka wimbo ulipoisha. Mashine haitetemeki na haina haraka.

Sifa mbaya ya otomatiki ina chanzo chake. Mwaka 1927 kampuni ya Victor ya Marekani ilianza kuuza gramafoni iliyobadilisha santuri yenyewe. Mwaka 1949 RCA Victor ilipotoa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ilitoa pamoja nayo mashine ya kupanga santuri hizo moja juu ya nyingine, na lile tundu kubwa la milimita 38 katikati yake liliwekwa kwa ajili ya mashine hiyo. Baada ya hapo viwanda vya Ulaya vilishindana: Dual ya mji wa St. Georgen katika Msitu Mweusi, Ujerumani. Garrard ya Swindon, Uingereza. Na BSR, nayo ya Uingereza, iliyotengeneza mashine za bei nafuu kwa wingi mno. Zile za bei nafuu zilikuwa na mkono mzito uliokandamiza santuri kwa gramu 5 na zaidi, na santuri zilizopita chini yake zilitoka zikiwa na mvi za kukwanguliwa. Katika miaka ya 1960 Dual 1019 ilikuwa inabeba katriji nyepesi, yaani kichwa kinachoshika sindano, kwa gramu 1 au 1.5 bila kuharibu chochote. Zote mbili ziliitwa otomatiki, na mabaya ya moja yakabandikwa kwa nyingine.

Kinachofanyika chini ya sahani

Jifunze kwanza namna inavyofanya kazi, maana hapo ndipo utajua cha kukagua dukani na cha kutogusa nyumbani.

Chini ya sahani inayozunguka kuna gia kubwa, siku hizi ya plastiki, yenye pengo lisilo na meno. Muziki unapopigwa, pengo hilo ndilo linaloelekea kwenye ekseli ya sahani, kwa hiyo gia imetulia tu na haigusani na chochote. Ukibonyeza kitufe cha kuanzia, kiwiko kidogo kinaisukuma gia kidogo tu, meno yake yanashikana na ya ekseli, na sahani yenyewe inaizungusha mzunguko mmoja kamili. Juu ya gia hiyo kumechongwa njia zenye mapindo. Pindo moja huinua mkono, la pili huusogeza, la tatu huushusha. Mzunguko ukikamilika, pengo linarudi mahali pake na gia inatulia tena.

Mwisho wa upande ndio wenye ufundi. Mashine inajuaje kwamba wimbo umekwisha? Nyingi haziangalii mkono umefika wapi peke yake. Zinaangalia unakwenda kwa kasi gani. Wakati wa muziki mkono husogea kuelekea katikati polepole sana, na unapoanza kukisukuma kile kiwiko cha gia, kipande kidogo kilicho kwenye ekseli hukirudisha nyuma kila sahani inapozunguka. Sindano ikiingia kwenye mfereji wa mwisho, ambao umechorwa kwa mapana, mkono unaruka ndani ghafla. Kiwiko kinasogea kuliko kinavyoweza kurudishwa, kinanasa, na gia inaanza safari ya kurudi.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwamba hofu ya mitambo kuharibu sauti imekuzwa. Kwa sehemu kubwa ya upande, mkono uko huru. Ni katika sentimita chache za mwisho tu ndipo unapokisukuma kile kiwiko, na msuguano wake katika mashine iliyo safi ni mdogo mno. Katika mashine chafu, yenye grisi iliyoganda, msuguano huo huwa mkubwa, na hapo sindano hurudiarudia neno moja karibu na lebo au mkono hukataa kurudi. Watu wakisema otomatiki ni mbovu, aghalabu wamekutana na grisi ya miaka 40.

Zipo pia zilizoacha gia kabisa. Bang & Olufsen ya Denmark ilitoa Beogram 4000 mwaka 1972, iliyotumia mwanga kutambua kama kuna santuri na ni ya ukubwa gani, na mkono wake ulikwenda kwa mstari ulionyooka badala ya tao. Technics ya Japani ilifuata mwaka 1979 na SL-10, ambayo umbo lake halizidi jalada la santuri kubwa. Ni mashine za kupendeza mno, lakini zikiharibika zinahitaji fundi wa elektroniki mwenye subira na vipuri ambavyo havipatikani kirahisi. Kwa gramafoni ya kwanza ndani ya nyumba, siwezi kukushauri uzinunue.

Ipi ununue

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: inafanya nini hasa yenyewe? Otomatiki kamili huweka sindano, huirudisha na kuzima. Nusu otomatiki hukuachia kazi ya kuweka, kisha hurudisha au huinua na kuzima. Nyingine husimamisha sahani tu, sindano ikabaki imelala juu ya santuri. Wauzaji huzichanganya zote kwa jina moja.

Kwa mashine mpya ya bei ya chini, Audio-Technica AT-LP60X ya Japani ndiyo ninayoitaja mbele ya nyingine. Ni otomatiki kamili, ina kiongeza sauti ndani yake, na sindano yake ya akiba ni rahisi kuipata. Inachokosa ni marekebisho: huwezi kubadili uzito wa mkono wala kuweka katriji nyingine. Kwa mtu anayetaka kusikiliza bila kujifunza ufundi, hilo halimpunguzii kitu. Ukiwa na fedha zaidi, Denon DP-300F ni otomatiki kamili pia, lakini mkono wake una uzito wa kurekebishwa na katriji yake inabadilishwa, kwa hiyo mashine inaweza kukua pamoja na masikio yako.

Kwenye karatasi ya maelezo utaona asilimia ya kuyumba kwa mwendo. Ya AT-LP60X ni chini ya 0.25, ya DP-300F ni 0.1, na ya Technics SL-1200MK2, ile ya mkono iliyopendwa na madijei tangu 1979, ni 0.025. Usiogope tofauti hiyo kabla ya kuisikia. Kwenye magitaa ya benga au ngoma nzito, wengi hawatatofautisha. Inajitokeza pale noti inapovutwa: fidla katika taarabu, saksafoni, au mwimbaji anayeshikilia mwisho wa ubeti. Ikiwa santuri zako nyingi ni za namna hiyo, ongeza fedha ununue iliyo bora. Ikiwa ni dansi na rumba, fedha hizo nunulia santuri.

Epuka zile za sanduku zenye spika ndani. Nyingi hutumia katriji nzito, na spika inayotikisika ndani ya sanduku lilelile huitikisa sindano. Hapa rahisi ni ghali kwelikweli, kwa sababu gharama inalipwa na santuri.

Za mtumba ndizo zenye raha kubwa na hatari kubwa. Dual 1019, 1219 au 1229 iliyofanyiwa matengenezo hushinda mashine nyingi mpya za otomatiki. Sahani yake ni nzito, mkono wake umesawazishwa vizuri, na uliundwa kufanya kazi miaka mingi. Lakini ile ambayo haijafunguliwa tangu ilipotoka kiwandani itakusumbua.

Namna ya kuikagua ya mtumba

Nenda na santuri moja kubwa usiyoionea uchungu. Kabla ya kuwasha, zungusha sahani kwa mkono kufuata mwendo wa saa; isikwaruze. Shika mkono wa sindano kwa wepesi na uusogeze kutoka kwenye kikalio hadi karibu na lebo: usinase popote, usicheze huku na huku kwenye mhimili wake.

Kisha washa, na acha mashine ifanye kazi yake yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sindano inashukia wapi? Inapaswa kushukia kwenye ukingo mtupu, kabla ya muziki. Ikishukia nje au ndani ya wimbo, usiikatae papo hapo. Mashine nyingi zina skrubu ndogo karibu na mhimili wa mkono ya kurekebisha jambo hilo. Peleka mkono hadi nyimbo za mwisho na usubiri upande uishe wenyewe. Muuzaji atataka kukuonyesha kwa kubonyeza kitufe cha kuzimia. Hicho si kipimo, kwa sababu kitufe huanzisha gia bila mkono kukisukuma kile kiwiko. Ngoja hadi mfereji wa mwisho.

Mambo manne hujitokeza mara nyingi, na yote hutengenezeka. Mkono ukinyanyuka lakini usisogee kuelekea kwenye santuri, kwenye Dual kosa ni kile kipira kidogo kinachovikwa ncha ya pini chini ya mkono. Huoza na kudondoka, na bila hicho pini haina cha kushikia. Mafundi wengi wanaijua dawa yake: kipande cha mpira wa waya kilichokatwa kwa kipimo. Upande mmoja wa sauti ukiwa kimya, usikimbilie kulaumu katriji. Mashine za otomatiki zina swichi inayonyamazisha sauti wakati mkono unasafiri, na vidomo vyake vikishika kutu haviachani sawasawa. Kuvisafisha ni kazi ya dakika chache. Mwendo ukiwa wa polepole au wa kuyumba, angalia mkanda, au gurudumu la mpira kwenye zile zisizo na mkanda. Mkanda hulegea, gurudumu hukauka na kung'aa. Na mashine ikigoma katikati ya safari, hapo ni ile grisi. Iondolewe kwa spiriti safi ya isopropili na kupakwa mpya kidogo, kwa kiasi cha kulowesha tu. Fundi anayemwagia mafuta ya cherehani kila mahali anakuandalia tatizo la mwaka kesho, kwani mafuta yakifika kwenye mkanda au gurudumu la mpira, sahani itateleza.

Katriji ya ajabu ya zamani isikupandishe bei. Muhimu ni kama sindano yake bado inauzwa. Uliza jina la katriji, litafute kabla hujalipa.

Umeme wa ilikotoka mashine

Jambo hili limewakatisha wengi tamaa, na wauzaji hawalisemi. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa gridi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman hutumia mapigo 50 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Saudi Arabia hutumia 60. Japani imegawanyika: Tokyo 50, Osaka 60, na volti zake ni 100 tu.

Jamaa aliye Marekani akikuletea mashine ya namna hiyo, utanunua transfoma ya kushusha volti 230 hadi 120, utaiwasha, nayo itazunguka. Lakini itazunguka polepole, kwa sababu transfoma hubadili volti na haigusi mapigo. Badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika utapata kama 27.8, na sauti ya mwimbaji itashuka kiasi cha kukufanya udhani ni mtu mwingine. Dawa ni kubadili puli ndogo iliyo kwenye mota kwa ile ya mapigo 50. Dual walizitengeneza za aina zote mbili, na zinatafutika. Anayesafirisha mashine kutoka hapa kwenda Marekani hupata kinyume chake: itakwenda mbio kwa asilimia 20.

Mashine za kisasa za mkanda zenye adapta ndogo ya ukutani, kama AT-LP60X, hazina shida hii; mota yake hutumia umeme wa moja kwa moja. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ambazo mota huzungusha sahani bila mkanda nazo zina kidhibiti chao, hivyo transfoma inatosha.

Kupima mwendo hakuhitaji kifaa. Bandika kikaratasi kwenye santuri, hesabu mara ngapi kinapita mbele yako. Kwa santuri kubwa, mizunguko 100 inapaswa kuchukua dakika 3 kamili. Kwa ndogo, 45 kwa dakika 1.

Kuiunganisha na spika

Ishara inayotoka kwenye katriji ya kawaida ni milivolti chache tu, na besi zake zilipunguzwa kwa makusudi wakati santuri ilipochongwa ili mfereji usiwe mpana mno. Kwa hiyo inahitaji kifaa cha kuiongeza na kuirudishia besi. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa zilizojaa madukani leo zina tundu la AUX pekee, ambalo halina kazi hiyo.

Ukichomeka gramafoni isiyo na kiongeza sauti kwenye AUX, utasikia sauti nyembamba ya mbali isiyo na besi. Ukichomeka yenye kiongeza sauti kwenye PHONO, utapata makelele yaliyopasuka. Mashine mpya nyingi za otomatiki zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua, na swichi hiyo ndiyo ya kwanza kuangaliwa kila unapoambiwa kwamba gramafoni ni mbovu. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, tafuta waya mwembamba wa ardhi, uufunge kwenye skrubu iliyo nyuma ya amplifaya.

Usiiweke gramafoni juu ya sabufa yenyewe, hata kama sebule ni ndogo. Iweke kwenye meza tofauti, imara, iliyo sawa. Kama sakafu ni ya mbao, rafu ya ukutani ni bora zaidi.

Santuri zetu na otomatiki

Hapa ndipo maelezo ya wazungu wa kiwandani yanapoishia na yetu kuanza. Santuri za bendi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960 na 1970, nyingi zikiwa zimechapwa Nairobi, zilikuwa ndogo za 45. Upande mmoja hubeba kama dakika 4 au 5, na wimbo wa dansi haukubali kuishia hapo. Ndiyo maana mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe na wenzake husikika wakikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, mara nyingi gitaa likiwa ndiyo kwanza limekolea. Kwa santuri kama hizo otomatiki ni neema. Mkono unajirudisha wenyewe, wewe unageuza santuri na kubonyeza, na wimbo unaendelea kabla waliosimama kucheza hawajakaa.

Angalia mambo mawili. Otomatiki nyingi huongozwa na swichi mbili tofauti, ya mwendo na ya ukubwa. Ukiisahau ya ukubwa katika nafasi ya santuri kubwa, mkono utashukia mahali ambapo hakuna santuri, na sindano itagonga mpira au chuma cha sahani. Fanya iwe desturi: kwanza santuri, pili swichi zote mbili, tatu kitufe. Na kama santuri ina tundu kubwa, kipete cha plastiki cha kulijaza kikae katikati barabara; kikikaa upande sauti itapanda na kushuka kila mzunguko.

Jambo la pili linahusu nyimbo ndefu zilizobanwa hadi karibu sana na lebo. Mashine nyingine hudhani upande umeisha na kuinua mkono wakati mwimbaji bado anaimba. Ukiona hivyo kwenye santuri moja au mbili, mashine haina ubovu. Ikitokea kwenye kila santuri, kile kiwiko kinahitaji kurekebishwa.

Kuhusu kupanga santuri kadhaa ili zidondoke moja baada ya nyingine, mashine za zamani zinakuruhusu. Miaka hiyo hata albamu za santuri mbili zilichapwa kwa mpangilio huo, upande wa kwanza ukiwa mgongoni mwa wa nne. Hata hivyo mimi nakuambia usifanye. Santuri ikiangukia juu ya mwenzake na kuanza kuzunguka, vumbi lililo katikati husaga zote mbili. Mashine ileile, ukiwa umeichomeka pini fupi ya santuri moja, itakupa faida zote za otomatiki bila madhara hayo.

Halafu kuna zile nzito za mizunguko 78. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake, pamoja na za wengine wa zama zile, bado zimo ndani ya masanduku Unguja, Mombasa na kwingineko. Usizipige kwenye gramafoni ya kisasa ya otomatiki. Nyingi hazina mwendo wa 78, lakini hata yenye mwendo huo, sindano yake ni nyembamba mno: mfereji wa zamani unahitaji ncha iliyo nene mara nne hivi, na nyembamba hukimbilia chini kabisa ambako kuna mchanga wa miaka. Tena baadhi ya santuri za awali hazina mfereji wa mwisho wa kuivuta sindano ndani, hivyo mashine haitajua kwamba wimbo umekwisha. Hizo zihifadhi zikiwa zimesimama wima, mbali na joto, na uzipeleke kwa mwenye sindano ya kufaa ili zirekodiwe kidijiti.

Matumizi ya kila siku

Gramafoni hii ni kama gari ya otomatiki: inakusaidia mradi usishindane nayo. Mkono ukiwa safarini, usiushike. Watu huona sindano inaelekea pabaya, wanaudaka mkono, na hapo ndipo vile viwiko vya plastiki vinapovunjika. Mashine ikinasa katikati, izime, chomoa umeme, kisha zungusha sahani kwa kidole kufuata mwendo wa saa hadi gia ikamilishe mzunguko wake. Mara nyingi mkono utarudi kwenye kikalio wenyewe.

Umeme ukikatika wakati wa muziki, inua sindano kwa kiwiko chake, rudisha mkono, uufunge, kisha zima swichi ukutani. Swichi za mashine nyingi ni za kimitambo na hubaki zimewashwa; umeme ukirudi saa nane usiku, sahani itaanza kuzunguka na sindano ikiwa palepale ulipoisahau. Chomeka mashine kupitia stebilaiza, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndio huua adapta.

Vumbi ndilo adui wa kudumu. Funika mashine kila usipoitumia. Santuri ipanguse kwa brashi laini ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na sindano isafishwe kwa kibrashi kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si ubavuni. Pwani, ambako hewa ina chumvi, hata vile vipini vinne vya waya nyuma ya katriji hushika ukungu. Ukiona sauti inakwaruza, vichomoe na kuvirudisha kwa kibanio, kimoja kimoja.

Kama mkono wa mashine yako unarekebishika, pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya kidijiti, kama ya masonara. Fuata kipimo cha mtengenezaji wa katriji, na ukisitasita kati ya wa chini na wa juu, chagua ulio kati hadi juu. Wengi huamini kwamba wepesi hulinda santuri, lakini sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuumega.

Mwisho, sindano. Ya ncha ya mviringo ya kawaida huhesabiwa kudumu kama saa 500, ya ncha ya yai kama 300. Santuri kubwa ina dakika kama 40 pande zote mbili, kwa hiyo saa 500 ni santuri 750; ukipiga mbili kila siku, ni mwaka mmoja na siku chache. Andika tarehe ya kuiweka kwenye kikaratasi ukibandike chini ya kifuniko. Nunua ya akiba siku ileile unayonunua mashine. Tarehe ikifika ibadilishe, hata kama masikio yako bado yameridhika, kwa sababu sindano inapatikana dukani, ilhali santuri nyingi za 45 za lebo ndogo za Nairobi hazijachapwa tena tangu miaka hiyo.